Hata Filamu Iliyotudharau Ihifadhiwe



Katika milima ya Usambara, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kuna mahali panapoitwa Vugiri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa hapo na kituo cha kutengeneza filamu. Waingereza wawili, Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, waliongoza jaribio la kuwaelimisha Waafrika kwa njia ya sinema, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Notcutt alikuwa amewahi kusimamia mashamba ya mkonge. Latham alikuwa ameongoza idara ya elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Walitengeneza filamu 35. Kisha lori lilizibeba, pamoja na projekta yake, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kuona sinema waliketi gizani, wakatazama watu wanaofanana nao wakitembea juu ya kitambaa cheupe.

Katika filamu hizo 35, zinazojulikana kuwa zimebaki leo ni tatu tu. Moja inahusu mafunzo ya utabibu wa mifugo, ya pili inahusu minyoo ya safura, na ya tatu inaonyesha mashamba ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu zimehifadhiwa Uingereza. Nyingine 32 zimepotea.

Nautumia mfano huu ili kutetea hoja moja. Kuhifadhi filamu za zamani ni wajibu wa dola na wa raia, na wajibu huo unazihusu hata filamu zilizotengenezwa na watu waliotudharau. Najua kwamba sehemu hii ya pili ya hoja yangu haiwapendezi wengi. Ni rahisi kukubaliana kuhusu filamu inayotusifu. Ugumu uko kwenye ile inayotuudhi, na hapo ndipo tunapopimwa kama kweli tunaithamini historia au tunathamini sifa zetu tu.

Kilichopotea Vugiri

Mojawapo ya filamu zilizopotea ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Kisa chake tunakijua kwa sababu kimeelezwa kwa maandishi. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anazifukia fedha zake katika sakafu ya nyumba yake, na mwizi anazichukua. Mwenzake anaziweka posta, zinabaki salama. Ni hadithi fupi yenye funzo la wazi, na walioiigiza walikuwa Waafrika. Walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa eneo letu kuigiza mbele ya kamera.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka 1937 Notcutt na Latham walichapisha kitabu kuhusu jaribio lao, na kitabu hicho kingali kinapatikana maktabani. Tunaweza kusoma walichokusudia na jinsi walivyoamini kwamba Mwafrika mtu mzima alihitaji kusaidiwa ili aelewe na azoee hali mpya za dunia. Lakini wale vibarua wawili hatuwezi kuwaona. Hatujui walivyotembea, walivyovaa, walivyocheka, wala jinsi yule aliyeibiwa alivyouonyesha uchungu wake. Maneno ya waongozaji yamebaki, nyuso za waigizaji zimetoweka. Wahenga walisema kwamba asiyekuwepo na lake halipo; katika historia ya filamu hizi, asiyekuwepo ni Mwafrika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi. Mikanda ya Vugiri haikubeba sauti. Maelezo yalirekodiwa kando katika sahani za santuri, na lugha ilibadilishwa kulingana na mahali filamu ilipoonyeshwa. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha hizo. Kumbukeni ilikuwa miaka gani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Kamusi ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Filamu za Vugiri zilisimuliwa katikati kabisa ya kipindi ambacho lugha mnayojifunza leo ilikuwa ikipewa sura yake rasmi. Msimulizi alizungumza Kiswahili cha namna gani mbele ya wanakijiji? Alitamka vipi? Alifuata sarufi ya Kamati, au alifuata masikio ya wasikilizaji wake? Kamusi hutuonyesha neno, lakini haituonyeshi kasi ya msemaji, mkazo wake, wala ishara ya mkono inayofuatana na neno hilo. Filamu yenye sauti ingetuonyesha yote hayo kwa pamoja.

"Kwa nini tuhifadhi matusi?"

Nimewahi kusikia pingamizi hili: filamu za kikoloni zilitengenezwa ili kumfanya Mwafrika aonekane mjinga anayengoja kufundishwa, kwa nini basi tutumie fedha za umma kuhifadhi matusi? Pingamizi hili lina uzito, wala silipuuzi. Filamu nyingi za wakati ule zilimweka mzungu kuwa mwalimu daima, na Mwafrika kuwa mwanafunzi daima. Mtoto akionyeshwa filamu kama hizo bila maelezo anaweza kuamini kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa.

Hata hivyo, tufikiri kama watu walio mahakamani. Shahidi anayesema uongo haondolewi duniani ili kesi iwe safi. Huwekwa kizimbani, akaulizwa maswali, na uongo wake wenyewe ukawa ushahidi juu yake. Filamu ya kikoloni ikihifadhiwa, tunaweza kuisimamisha na kuihoji: Kwa nini kamera imewekwa hapa na si pale? Nani anasema, na nani anasemewa? Shamba hili ni la nani, na kabla yake lilikuwa la nani? Filamu ikipotea, hatuna wa kumhoji. Atakayetaka kudai kwamba ukoloni ulikuwa neema tupu atadai hivyo bila woga, na atakayetaka kudai kinyume chake atabaki na hasira bila kielelezo.

Isitoshe, kamera huona mengi kuliko anavyokusudia mwenye kuishika. Mpigapicha anaweza kutaka kuonyesha namna ya kuchimba choo, lakini nyuma ya choo kuna nyumba, nyuma ya nyumba kuna migomba, na mlangoni amesimama bibi aliyefunga kitambaa chake kwa mtindo ambao leo hakuna anayeukumbuka. Mambo hayo hakuna aliyeyaandika vitabuni, kwa sababu hakuna aliyeyaona kuwa na maana. Katika filamu yaliingia yenyewe, bila kualikwa.

Nitataja mfano mgumu kuliko huo. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa filamu iitwayo Africa Addio. Ilishutumiwa sana kwa ubaguzi wa rangi, na mimi pia naiona kuwa imejaa dharau. Ndani yake zimo picha zilizopigwa kutoka angani, zinazoelezwa kuwa zinaonyesha mauaji ya Zanzibar ya Januari 1964. Zipo familia Zanzibar, Oman na kwingineko ambazo jambo hili linazigusa moja kwa moja, na wapo wanaobishania maana ya picha hizo. Je, tuziteketeze kwa sababu waliozipiga hawakututakia heri? Jibu langu ni hapana. Mabishano kuhusu picha yanaweza kuendelea kwa haki iwapo tu picha ipo na kila upande unaweza kuitazama. Kuichoma ni kuhukumu kabla ya kusikiliza.

Picha ambayo wauaji hawakuifuta

Desemba 1960 Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alikamatwa akiwa njiani kuelekea Stanleyville na kurudishwa Léopoldville. Wapigapicha wa habari walikuwapo. Filamu zao zinamwonyesha amefungwa mikono, yuko juu ya lori miongoni mwa askari. Mmoja anamvuta nywele. Mwingine anajaribu kumshindilia mdomoni karatasi yenye maneno yake mwenyewe. Lumumba anatazama mbele na kunyamaza.

Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali ili lisibaki kaburi la kuzuriwa. Juni 2022 Ubelgiji iliwarudishia jamaa zake jino moja. Hicho ndicho kilichopatikana kwa ajili ya mazishi.

Fikirini juu ya jambo hili kama raia. Watu wenye mamlaka, askari na tindikali walidhamiria kumfuta mtu mmoja, na mwili wake waliuangamiza. Picha za juu ya lori hawakuweza kuziangamiza, kwa kuwa mikanda ilikuwa imekwisha kuondoka na nakala zake zimekwisha kutawanyika. Waliozipiga hawakuwa marafiki wa Lumumba, walikuwa kazini. Hata hivyo, kizazi baada ya kizazi cha Wakongo, pamoja na wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, jiji lililo karibu na mahali alipouawa, kinaweza kumtazama mtu huyo usoni. Hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kuchukua nafasi ya dakika hizo chache.

Jinsi mkanda unavyokufa

Wengi hudhani kwamba filamu hupotea kwa moto au kwa wizi. Hupotea zaidi kwa kuachwa. Tangu mwanzo wa sinema hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda mingi ya kumbi za sinema ilitengenezwa kwa nitreti ya selulosi, kitu kinachowaka upesi mno. Kwa kuwa kikiungua hujitengenezea oksijeni, moto wake hauzimiki hata ukitumbukizwa majini. Mkanda huo ukikaa muda mrefu mahali pabaya hulainika, hunata, na mwishowe hugeuka unga wa rangi ya kahawia.

Baadaye ulienea mkanda wa asetati, ulioitwa mkanda salama. Haulipuki, lakini una ugonjwa wake. Joto na unyevu huufanya utoe asidi yenye harufu ya siki. Mvuke wa asidi hiyo huuharibu mkanda zaidi, na huweza kuiambukiza mikanda mingine iliyo jirani. Mkanda husinyaa, hujikunja, na tabaka lenye picha hubanduka. Wataalamu wanakadiria kwamba mkanda mpya wa asetati ukiwekwa mahali penye joto la nyuzi 21 na unyevu wa wastani, ugonjwa wa siki huanza baada ya miaka 40 au 50 hivi. Katika baridi na ukavu huchukua muda mrefu zaidi. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ndani ya stoo yenye paa la bati, hauhitaji kungoja muda wote huo. Filamu za wakati wa uhuru wetu zilipigwa miaka 60 iliyopita. Kila mwaka tunaoahirisha, kemia haiahirishi.

Msidhani kwamba hasara hii ni ya maskini pekee. Uchunguzi uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu zisizo na sauti zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929. Zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14. Sauti ilipoingia katika sinema, wenye kampuni waliziona filamu za zamani kuwa takataka. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata fedha iliyomo ndani ya mkanda, yaani ile madini ya kutengenezea mapambo. Nyingine ziliungua, kama ilivyotokea mwaka 1937 katika ghala la kampuni ya Fox huko New Jersey. Jirani zetu wa Msumbiji nao waliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema mara baada ya uhuru na kupeleka filamu za habari hadi vijijini. Mwaka 1991 moto uliizukia taasisi hiyo mjini Maputo na kuteketeza sehemu ya kazi hiyo.

Funzo la mifano hii ni kwamba kinachotangulia hasara ni dharau. Kwanza kitu huonekana hakina thamani, kisha huwekwa mahali pabaya, kisha huharibika, na mwisho watu huja kukiulizia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pingamizi mbili zaidi

Pingamizi la kwanza ni la fedha. Zahanati zetu hazina dawa za kutosha, watoto wanakaa sakafuni darasani. Tutanunuaje vipoza hewa kwa ajili ya makopo ya filamu? Nakubali kwamba dawa itangulie. Lakini bajeti ya taifa haina mistari miwili pekee. Serikali hizo hizo hugharimia sherehe za uhuru kila mwaka, zenye mahema, magwaride na vyakula. Taifa linaloweza kulipia sherehe ya siku moja linaweza kulipia chumba kimoja chenye baridi na ukavu ambamo siku ya uhuru yenyewe imehifadhiwa. Si lazima kila nchi ijenge chumba chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekwisha kuunda Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuwa na makavazi ya pamoja ya filamu. Makavazi ni mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za umma. Ni neno zuri, na ni aibu kwamba tunalo neno bila kuwa na chumba.

Pingamizi la pili ni la vijana: siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti, kwa nini tuhangaike na mikanda inayonuka siki? Ni kweli kwamba intaneti imefungua milango mingi. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka YouTube filamu zake za habari zipatazo 85,000, na humo mnaweza kuona baadhi ya matukio ya nchi zetu. Lakini chunguzeni mambo mawili. Kwanza, nakala ya kidijitali nayo hufa. Diski huharibika, miundo ya faili hupitwa na wakati, na kila baada ya miaka michache lazima mtu alipwe ili ayahamishe mafaili. Mkanda mzuri wa poliesta uliowekwa katika baridi hukaa kwa karne kadhaa bila kuguswa. Ndiyo maana hata kampuni kubwa za Hollywood zimeendelea kuweka filamu zao muhimu katika mikanda. Anayetupa mkanda baada ya kuunakili kwenye kompyuta amechoma hati ya shamba akabaki na picha ya hati hiyo kwenye simu.

Pili, ulizeni ufunguo uko mikononi mwa nani. Anayetaka kutumia picha za siku za uhuru wa nchi zetu katika filamu mpya mara nyingi hujikuta akiandika barua London, Brussels au Paris, na huko picha huuzwa kwa dakika au kwa sekunde. Hatuna budi kuwashukuru waliozitunza. Nakala iliyo mbali huweza kuokoa filamu: filamu ya Kijerumani Metropolis ya mwaka 1927 ilikatwa vibaya baada ya kuonyeshwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya vipande vilivyokosekana ilipatikana mwaka 2008 katika jumba la makumbusho la Buenos Aires, Argentina, katika nakala iliyojaa mikwaruzo. Lakini Wajerumani walipoipata, iliwarudia. Nasi tudai vivyo hivyo: nakala zenye ubora kamili, pamoja na haki ya kuzitumia mashuleni na katika kazi zetu wenyewe.

Yanayowezekana

Mambo haya si ndoto. Mwaka 1980, katika mkutano wake wa Belgrade, UNESCO ilipitisha Pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha jongefu, likizitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba filamu za taifa zinawekwa katika makavazi rasmi. Kwa kumbukumbu ya tendo hilo, tarehe 27 Oktoba huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Dunia ya Urithi wa Picha na Sauti. Mjini Kigali, Kituo cha Iriba hukusanya picha, filamu na sauti za historia ya Rwanda na kuwafungulia wananchi wa kawaida, katika nchi inayojua kuliko nyingine maumivu ya kumbukumbu. Tangu mwaka 2017, Shirikisho la Watengenezaji Filamu wa Afrika, UNESCO na taasisi ya mwongozaji Martin Scorsese wamekuwa wakishirikiana kuzikarabati filamu za Kiafrika. Miongoni mwa zilizookolewa ni Sambizanga, iliyotengenezwa na Sarah Maldoror mwaka 1972 kuhusu mapambano ya Angola.

Kiswahili nacho kina hazina yake ya kuokolewa. Katika miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi zilizosemwa kwa Kiswahili. Katika mojawapo, Muhogomchungu, mwigizaji mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Ni mataifa machache yanayoweza kumtazama kiongozi wake akiigiza kabla hajaingia katika siasa. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilishiriki katika kazi kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, inayohusu uganga wa jadi na hofu ya mwanamke aliyekulia mjini. Filamu hizi zinastahili kuwa mikononi mwa kila mwalimu wa Kiswahili, kuanzia Kampala hadi Bukavu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila nchi ya Jumuiya iwe na sheria inayomtaka mtengenezaji wa filamu akabidhi nakala moja kwa makavazi ya taifa, kama vile wachapishaji wanavyotakiwa kukabidhi vitabu. Pili, mikanda yote iliyomo katika wizara, mashirika ya utangazaji, vyuo na misheni iorodheshwe sasa, kabla ya kujadili ujenzi wowote. Orodha haihitaji mitambo, inahitaji daftari na mtu mwaminifu. Tatu, filamu za kikoloni zirudishwe kwetu zikiwa na maelezo yaliyoandikwa na wanahistoria wetu, na kwa Kiswahili, ili anayezitazama asiachwe peke yake na sauti ya mkoloni.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Mkikuta makopo ya mikanda katika nyumba ya babu, parokiani au katika stoo ya shule, msiyatupe, na msiujaribu mkanda katika projekta, maana mkanda dhaifu hukatika. Yawekeni mahali pakavu na penye ubaridi, mbali na moto. Andikeni yaliyoandikwa juu ya kopo, na mkisikia harufu ya siki litengeni kopo hilo na mengine. Kisha waulizeni wazee wanaokumbuka, mkaandike majibu yao. Filamu bila maelezo ya watu waliokuwapo ni nusu ya kumbukumbu. Hapa Uganda mnawajua VJ wanaotafsiri filamu kwa sauti zao katika vibanda vya video. Tanzania nao wanao wao. Sauti hizo nazo ni kazi ya lugha, na nyingi hupotea usiku ule ule zinaposikika. Warekodini, kwa idhini yao.

Zile filamu 32 za Vugiri huenda hazitapatikana tena. Filamu za uhuru wetu, za vyama vyetu vya ushirika, za shule zetu, za wanamuziki wetu na hata za makosa yetu, bado zimo ndani ya makopo mahali fulani, zikingoja ama mtu ama kuvu. Kizazi kijacho hakitatuuliza kama filamu hizo zilitusifu. Kitatuuliza ziko wapi.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Mwandishi analinganisha filamu ya kikoloni na shahidi mwongo mahakamani. Je, ulinganisho huu unafaa? Toa sababu.

2. Je, filamu inayobishaniwa kuhusu mauaji ionyeshwe hadharani, au ihifadhiwe kwa ajili ya watafiti pekee? Tetea msimamo wako kwa aya moja.

3. Mtafute mzee aliyewahi kuona sinema ya lori kijijini. Mhoji kwa Kiswahili, kisha uandike aliyokueleza kwa maneno yake mwenyewe.